Jina la Baba Mkwe

Kwetu Tanga jina la mtoto wa kiume wa kwanza halitafutwi. Lipo. Limekaa linamsubiri mwenyewe tangu siku baba yake alipopeleka posa, na kila mtu nyumbani analijua ijapokuwa hakuna anayelisema. Ni jina la babu mzaa baba. Wa pili atachukua la babu mzaa mama, na kwa watoto wa kike zamu ni hiyo hiyo, kwa mabibi. Zipo nyumba zinazogeuza utaratibu, na zipo zinazomruka mzee fulani kwa kuwa hakuacha sifa njema mtaani, lakini ukimkuta kijana wa Ngamiani anaitwa Salimu Hassani Salimu huna haja ya kuuliza. Huyo ni kifungua mimba, au walau ndiye mtoto wa kiume wa kwanza kwa mama yake.

Kwa hiyo majuzi shoga yangu mmoja, tumbo limeshashuka, aliponiuliza, "Hebu niambie, nyie mlichaguaje?" nilicheka. Kuchagua hasa hatukuchagua. Kubishana tulibishana, tena sana, ila ubishi haukuwa wa jina gani. Ulikuwa wa jina hilo litaandikwaje, na mimi nitamwitaje mwanangu kwa jina ambalo mdomo wangu hauna ruhusa ya kulitamka.

Mimi si mzaliwa wa mjini. Kwetu ni Muheza, Mbondei wa baba na mama, nimeolewa Ngamiani kwa Wadigo, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nafundisha shule ya msingi, na kwa miaka mingi nimepewa madarasa ya chini, kule ambako watoto wanafika na majina mabichi kutoka nyumbani. Mume wangu ni Bakari. Baba yake ni Athumani. Mtoto akizaliwa wa kiume, basi, atakuwa Athumani Bakari Athumani, na hapo ndipo ualimu uliponitia wasiwasi.

Mwaka mmoja nilikuwa na Athumani Bakari watatu kwenye darasa moja. Ukiita, wanasimama wote. Tukawapa viongezo, kama ilivyo kawaida: huyu Athumani wa Makorora, huyu Athumani Mrefu, na wa tatu, mpole, asiye na alama yoyote, akabaki Athumani tu. Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa akionewa. Daftari lake lilikwenda kwa wenzake, alama zake zilikwenda kwa wenzake, na siku moja hata adhabu ya mwenzake ilimfika yeye. Si kosa la jina, najua. Lakini ukishaona hivyo, halafu ukaambiwa wako naye atakuwa wa nne, unafikiri mara mbili.

Hilo la kufanana, hata hivyo, ni dogo. Lililokuwa likininyima usingizi ni herufi. Jina hili ni moja, la khalifa wa tatu, Uthman bin Affan, na msikitini hakuna anayebabaika nalo. Likifika ofisini linazaa ukoo. Nimeliona limeandikwa Athumani, Athuman, Othman, Othumani, Uthman, na kwa wazee wa zamani Asumani. Bakari nalo si jepesi. Yuko atakayekuandikia Bakar, yuko atakayeandika Abubakari kwa nia njema kabisa, akidhani anakusahihisha. Ramadhani ana ndugu zake, Hamisi ana ndugu zake, Saidi na Rashidi kila mmoja ana pacha wake asiye na "i" mwishoni. Kwa mdomo hao ni mtu mmoja. Kwenye mafaili ni watu mbalimbali, na kila mmoja anatakiwa kuthibitisha kwamba yeye ndiye yule.

Wazazi wengi hawalijui hili mpaka limewafika. Mtoto anazaliwa, hospitali inaandika tangazo la kizazi. Tangazo hilo linapelekwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Ukichelewa bado utasajiliwa, ila utadaiwa ushahidi zaidi. Kinatoka cheti cha kuzaliwa. Anaandikishwa shule kwa cheti hicho, au kwa kadi ya kliniki ikiwa cheti hakijapatikana, na kadi ya kliniki aliandika nesi aliyekuwa na foleni ya akina mama mpaka nje. Anaingia kwenye mfumo, anapata namba ya PREM inayomtambulisha mwanafunzi, anafanya mtihani wa darasa la saba, wa kidato cha pili, wa kidato cha nne. Kila hatua inanakili hatua iliyotangulia, pamoja na makosa yake. Cheti cha kidato cha nne kikishatoka, jina ndilo hilo. Kijana anakwenda kuomba mkopo wa chuo, cheti chake cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, kinasema Othman, cha shule kinasema Athumani, na kitambulisho cha Taifa, cha NIDA, kinasema la tatu. Anarudi nyumbani kutafuta wakili, na mzazi anauliza kwa mshangao wa kweli, "Kwani si jina lile lile?"

Haya nayasema kama mwalimu. Lakini aliyenifundisha vizuri zaidi ni mzee mwenyewe.

Mimba ilipokuwa kubwa, jioni moja baada ya isha, watu walikaa barazani. Alikuwepo baba mkwe, mama mkwe, mume wangu, wifi yangu mdogo, na mjomba wa mume wangu, maana kwa Wadigo mjomba ana neno lake na huwezi kumpita. Wifi alikuja na simu yake. Alikuwa ameshusha programu ya majina, na akatusomea: Rayyan, Zayn, Ayman, Arham. Majina mazuri, sina ugomvi nayo. Ila mimi ndiye ninayeita mahudhurio, na naweza kumwambia mtu yeyote kwamba mwenye kumpa mwanawe jina la Rayyan ili awe wa peke yake amechelewa. Darasa la awali la siku hizi lina Rayan, Rayyan, Raiyan na Aryan, na mama zao wote wanaamini wako peke yao mjini.

Shangazi mtu, aliyepiga simu kutoka Pangani, alisema akizaliwa Ijumaa aitwe Juma na mambo yaishe. Ustadhi wa madrasa ya jirani alipoulizwa akataja hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba majina yapendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdulrahmani. Rafiki wa mume wangu akaleta jina la mshambuliaji wa timu yake. Hilo hatukulijadili.

Mjomba akauliza, kwa adabu lakini nikijua ananiuliza mimi, kama huko Muheza wazee wangu wana jina lolote la kuweka mezani. Nikasema baba yangu ni Mhina, lakini zamu yake bado. Mjomba akatikisa kichwa kidogo. Mhina, akasema, si jina la Kiislamu, siku ikifika itabidi litafutiwe la kulisindikiza. Nilinyamaza, mkamwana hajibizani na mjomba. Baba yangu nilipomsimulia kwa simu ndiye aliyejibu. Kwetu Bonde, alisema, Magila iko pale pale na misheni ya Waanglikana imekuwepo tangu karne ya 19. Nyumba moja ina Petro na Hamisi, wanakula sahani moja na kuzikana. "Na huyo mjomba wenu," akasema, "amesahau kwamba Machui, hapo hapo kwenu, mwaka 1909 alizaliwa Muislamu aliyekuja kuitwa Shaaban Robert, na hakuna mtu aliyemtafutia la kulisindikiza?" Nilicheka, lakini ujumbe sikuufikisha. Mengine mtu anayaweka.

Nirudi barazani. Mama mkwe alikuwa kimya muda wote, anachambua mchele wa kesho. Yeye anaitwa Tabu. Wifi alipokuwa akieleza kwamba jina lazima liwe na maana nzuri kwa sababu mtoto hulifuata jina lake, mama mkwe hakuinua uso. Alisema tu, "Mimi naitwa Tabu, na shoga yangu wa hapo mbele anaitwa Raha. Kamuulizeni kama tumepishana." Kila mtu akaangua kicheko. Kizazi chake kimejaa majina ya namna hiyo: Tabu, Shida, Mashaka, Sikitu, hata Mtumwa, jina alilopewa mtoto ambaye waliomtangulia hawakuishi, kama kumwambia Izraili hapa hapana cha maana cha kuchukua. Siku hizi watu wanayaonea haya. Mimi nikiyaona kwenye rejista huwa nataka kujua bibi yake alipitia nini.

Baba mkwe ndiye aliyemaliza mjadala, na hakuumaliza kama nilivyotazamia. Nilidhani atasema kwa sauti ya mwenye mji kwamba jina ni lake na limekwisha. Badala yake aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kulikuwa na bahasha ya kaki iliyolainika pembeni kwa kushikwashikwa. Akakaa mkekani, akaanza kupanga karatasi moja moja, kama mtu anayegawa karata.

Kadi ya kazini, ya ujana wake, picha ina nywele: Asumani. Aliiandika karani aliyeandika alivyosikia. Hati ya kiwanja: Othman. Hiyo ilitoka kwa mtu aliyeona Othman ndiyo ya kisomi. Kadi ya mpiga kura: Athuman, bila "i". Kitambulisho cha Taifa: Athumani. Chini kabisa zilikuwa karatasi za viapo, zenye mihuri, zilizomthibitisha kwamba hao wanne ni yeye. Alipostaafu mafao yake yalikaa kwa sababu ya karatasi hizo, na mzee alipanda na kushuka ngazi za ofisi za watu mpaka baiskeli yake ikajulikana na walinzi.

"Jina mpeni," alisema. "Nitafurahi, siwezi kusema uongo. Lakini msimpe na mzigo wake. Chagueni herufi moja, mwiandike hivyo hivyo mpaka anakufa." Halafu akamgeukia mume wangu. "Na usianze na mtoto. Anza na wewe. Lete vyeti vyako hapa."

Mume wangu akavileta. Cheti cha kidato cha nne: Bakari Athuman. NIDA: Bakari Athumani. Mzee alivitazama, akavirudisha, hakusema kitu. Hakukuwa na haja.

Hili ndilo ninalowaambia akina mama wajawazito wanaoniuliza kuhusu jina, na huwa wanasikitika kwa sababu walitaka nizungumzie maana na uzuri. Mfumo wetu wa majina matatu unamaanisha mtoto anavaa jina lake, la baba yake na la babu yake. Moja tu kati ya hayo ndilo mnalolichagua. Mawili mnayarithi, pamoja na maandishi yake. Kama ya baba hayajakaa sawa, jina zuri kuliko yote duniani litakwama pale pale. Mume wangu alikwenda kwa wakili, akaapa, akapeleka marekebisho, akasubiri. Ilichukua muda na fedha, na alilalamika njia nzima, lakini mtoto alipozaliwa palikuwa na Bakari Athumani mmoja tu.

Sasa upande wa pili, ambao vyeti haviwezi kuueleza.

Nilivyolelewa mimi, mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Hakuna faini wala dua mbaya. Ni heshima tu, kama vile usivyokaa kiti alichoinuka. Unasema "baba", unasema "mzee", ukibanwa sana unasema "babu yake fulani". Kwa mume wangu utaratibu si mkali kama kwetu, lakini mimi nilikuja nao na mama mkwe aliupenda, ukawa umekaa. Hata jirani mwenye jina hilo hilo nilikuwa namwita "yule wa duka la kona".

Nikajifungua salama, mtoto wa kiume, Alhamdulillah. Mzee mwenyewe akamwadhinia sikio la kulia na kumkimia la kushoto. Kwenye kadi aliandikwa kwanza "mtoto wa" na jina langu, mpaka tulipokwenda kliniki kulijaza. Nilikwenda na wifi. Nesi akashika kalamu.

"Jina la mtoto?"

Nikamtazama wifi. Wifi alikuwa amegeuka anamtengenezea mtoto shuka.

"Mama, jina la mtoto?"

"Ni... jina la babu yake," nikasema.

"Babu yake anaitwa nani?"

Akina mama nyuma yangu wakaanza kucheka chini chini. Wale wa pwani walishaelewa. Nesi, ambaye kwa lafudhi yake hakuwa wa huku, alinitazama kwa wasiwasi, nadhani alikuwa akifikiria kunipeleka kwa daktari. Nikachukua kalamu, nikaomba karatasi, nikaliandika jina lote kwa herufi kubwa, matatu, kila herufi mahali pake. Kuandika hakukatazwi. Naye akalinakili kama lilivyo.

Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nikaelewa nimefanya nini. Hao wote walioandikwa Asumani na Othman waliandikwa hivyo kwa sababu mtu alisema, na mwingine akaandika alivyosikia. Mimi nisingeweza kusema, nikaandika. Tangu siku hiyo, kokote ninakotakiwa kutaja jina la mwanangu, RITA, msikitini, shuleni, benki, sitamki. Natoa kijikaratasi. Na wazazi wanaokuja kuandikisha watoto kwangu nawafanyia hivyo hivyo: nawapa kalamu, asiyejua kuandika aniletee kadi, sitaki kusikia. Mwenzangu mmoja husema nawadharau. Hajawahi kukaa mkekani na ile bahasha.

Akika ilifanyika siku ya saba, mbuzi wawili kama ilivyo kwa mtoto wa kiume. Sitaisimulia yote, akika zote zinafanana kwa pilau na kwa watu waliokuja bila kualikwa. Nitasema la nywele tu. Alinyolewa na shangazi yake wa Pangani, aliyekuwa bado ananung'unika kuhusu Juma, maana kweli alizaliwa Ijumaa. Nywele zikafungwa kwenye kitambaa cheupe, shemeji yangu akazipeleka kwa sonara mjini zipimwe, ili thamani ya fedha ya uzito huo itolewe sadaka. Mizani ilisogea kidogo sana. Sonara akasema zirudisheni, hizi hazifiki kitu. Shemeji akarudi nazo amekasirika, mzee akacheka mpaka akakohoa, akatoa mfukoni mwake kiasi alichoona kinamfaa mtu wa jina lake, na kilikuwa kikubwa kuliko nywele za ukoo mzima.

Kilichofuata hakuna aliyenitayarisha nacho. Mtoto wa kwanza anawabadilisha majina wazazi wake. Watu wanajiandaa kumtaja mtoto, wanasahau kwamba wao wenyewe kuanzia siku ile wataitwa kwa jina hilo mtaa mzima. Nikawa Mama Athumani. Jirani anapiga hodi, "Hodi, Mama Athumani!" na mwenye jina yupo barazani na kikombe chake cha kahawa, na mimi natakiwa niitike. Mwanzoni nilikuwa natoka nimeinamisha macho kama nimeiba. Mama mkwe ndiye aliyenipa ujanja: "Itika haraka, usingoje wakuite mara ya pili."

Nyumbani mtoto hakuna aliyemwita kwa jina. Mimi nilimwita Babu. Baba yake, kwa kuogopa kumfokea mtu mwenye jina la baba yake, alimwita Mzee. Mashangazi walimwita Baba. Wenzake wa uani wakamkata wakapata Mani. Bibi yake alimwita Mume Wangu, na hapo ndipo nidhamu ilipoharibika, maana mume wa mtu hapigwi. Akimwaga uji, "mume wangu hakuona." Akivunja, "mume wangu ana haraka." Nikimtishia fimbo naambiwa nina ujasiri wa kumpiga baba mkwe. Anayempa mtoto jina la mzee aliye hai ajue hilo pia: amempa na wakili.

Haya yalikwenda raha mustarehe mpaka alipoanza darasa la awali, shule hii hii ninayofundisha lakini kwa mwalimu mwingine. Wiki haijaisha, mwenzangu akanifuata ofisini.

"Mwalimu, mmeshampima mtoto masikio?"

"Ana nini?"

"Naita jina lake kila asubuhi, haitiki. Leo nimeita matatu yote. Ameangalia mlangoni."

Nikaelewa. Alidhani babu yake amekuja kumchukua. Mwanangu alikuwa na jina lililonyooka kwenye kila karatasi ya Jamhuri, na yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba ni lake.

Nilikwenda kwa mzee. Sikumpeleka mume wangu, niliona hili ni langu. Nilimkuta anatia upepo baiskeli, nikapiga goti nikamwamkia, nikamweleza. Alisikiliza huku anapampu. Alipomaliza gurudumu akaliminya kwa kidole gumba.

"Sasa wewe unataka ruhusa gani?"

"Ya kumwita, baba."

"Mwite. Wewe unamwita mwanao. Mimi hujawahi kuniita hivyo, nitajuaje kama ni mimi?"

Kulitamka kulikuwa kugumu kuliko nilivyofikiri. Nilijizoeza jikoni kwa kunong'ona, wifi akinichungulia na kucheka. Kisha jioni moja mtoto akiwa uani nikakaza moyo, nikaita kwa sauti, jina lote, bila kumeza mwisho wake. Mtoto hakuitika. Barazani sauti nzito ikasema, "Naam!"

Nilikimbilia ndani. Mzee mwenyewe alisema baadaye kwamba lilimtoka, mazoea tu, lakini tangu hapo amelifanya mchezo. Nikiita, anaitika yeye kwanza, na mtoto anakuja mbio akilalamika, "Ni mimi, babu, ameniita mimi!" Kwa njia hiyo alilijua jina lake ndani ya muda mfupi kuliko ambavyo mwalimu yeyote angemfundisha. Darasani anaitika siku hizi, tena kwa kelele, akihofia kuna mtu atamwahi. Tunao Athumani Bakari mwingine pale awali, na wangu kaitwa wa Mwalimu. Bora kuliko kuwa "tu".

Sasa nina mimba nyingine. Kama ni wa kike, mama mkwe ameshasema jina lake asipewe, apewe la mama yangu, na mume wangu hajakubali, kwa hiyo huo ubishi tunao bado. Kama ni wa kiume, zamu ni ya Muheza, na mjomba safari hii ametutumia salamu tu. Baba yangu hakungoja kuulizwa. Wiki iliyopita konda wa basi la Muheza alinipigia simu nikachukue kapu la machungwa stendi. Juu ya machungwa, ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe, ilikuwepo karatasi ya daftari, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa mwandiko ule ule: "Ina H. Mwambie mumeo."